Nilivyolazwa Jirani na Mwalimu Mhina

Mjukuu wangu, ipo siku moja ambayo kila nikikaa peke yangu hunijia bila kuitwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nimelala chali katika wodi ya wanaume pale Tanga mjini, mguu wa kulia umefungwa hogo la plasta kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Kaka yangu Mbaruku alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono kiunoni, anangoja niseme neno moja tu. Neno hilo lingetosha kumvunja mtu mguu, na pengine kumtoa roho. Leo nakunywa kahawa yangu kwa amani kwa sababu ya jibu nililompa, na jibu lile sikulitoa kwa akili yangu mwenyewe. Kaa vizuri nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa mchezaji mpira. Najua ukiniona na fimbo yangu huamini, hata marehemu bibi yako alikuwa akinitania kwamba habari hizo nimezitunga. Lakini waulize wazee wa Ngamiani waliobaki. Nilicheza winga ya kulia, mbio nilikuwa nazo, na walikuwapo watu waliokuja uwanjani kunitazama mimi. Klabu moja kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa imeshamtuma mtu kuzungumza na mama. Mama alikuwa mjane, ametulea kwa kukaanga mihogo na kuiuza mlangoni, na siku hizo alikuwa hawezi kusalimiana na jirani bila kumwambia kwamba Saidi wake atapanda ndege.

Ikaja mechi yetu na timu ya Pongwe. Beki aliyepangwa kunikaba alikuwa kijana wa rika langu, jina lake Shabani, mvunja mawe ya chokaa, kifua kipana kama mlango. Kipindi cha pili nilimpita, nikampita tena, watazamaji wakawa wanamcheka. Mara ya mwisho alinijia na miguu yote miwili. Nilisikia goti likilia kabla sijasikia maumivu.

Daktari hakunizungusha. Alisema, "Kutembea utatembea, Saidi. Mpira sahau." Akaniandikia dawa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kwake ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Mimi nilivuta shuka nikajifunika uso, nikalia mpaka mto ukalowa.

Sasa katika kitanda cha jirani alikuwa amelazwa mzee mmoja, Mbondei wa upande wa Muheza, mwalimu mstaafu wa historia. Aliitwa Mwalimu Mhina. Alikuwa na kisukari, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji nene iliyobadilishwa kila siku. Wodi nzima ilimjua, maana alikuwa akiwasalimu wauguzi kwa majina, akawauliza habari za watoto wao, na uji wa hospitali aliunywa kama uji wa harusini. Mimi nilimchukia. Usishangae. Mtu akiwa na uchungu, furaha ya mwenzake humkera kuliko kelele.

Siku moja muuguzi alichelewa kuniletea dawa. Nilimtukana, mwanangu, maneno ambayo siyarudii mbele yako. Yule binti aliweka vidonge mezani, akaondoka kimya, macho yamemlowa. Mwalimu Mhina akageuza kichwa.

"Kijana, yule binti amekufanya nini?"

"Amenikasirisha."

"Amechelewa," akasema. "Hasira umeileta wewe. Mimi pia amenichelewesha, mbona sina?"

Nikamwambia aniache. Hakuniacha, lakini hakunifokea pia. Akaanza kunisimulia habari za watu wa kale, Wayunani, waliokuwa wakikutana kwenye baraza moja mjini kwao kuzungumza namna ya kuishi. Kwa sababu ya baraza hilo wakaitwa Wastoa, yaani watu wa barazani. Mwalimu alikuwa amewasoma shuleni misheni, akawapenda, akawashika maisha yake yote bila kuacha kanisa lake. Alisema baadaye mafundisho yao yalifika hata kwa Warumi, na katika waliojulikana sana mmoja alikuwa mtumwa mwenye mguu mbovu, mwingine alikuwa mfalme wa dola kubwa, na wote wawili walishika jambo lile lile. Jambo lenyewe ni kwamba yapo mambo yaliyo mikononi mwetu, na yapo yasiyo mikononi mwetu. Mwili, mali, cheo, watu watasema nini, hayo hatuyamiliki hata tukijidanganya. Tunachomiliki ni namna tunavyoyapima mambo, na lile tunaloamua kulitenda.

Mama alikuwapo siku hiyo, amekaa pembeni anamenya chungwa. Akacheka kidogo. "Mwalimu, hayo mbona ni subira tu? Sisi tumefundishwa chuo cha Kurani tukiwa watoto."

"Kweli, mama," mwalimu akajibu. "Pengine wao waliifikia kwa njia nyingine. Ila kuna mtu akisikia subira hukunja mikono akakaa. Hawa walisema usikae. Kwenye lile lililo lako, jitahidi kwa nguvu zako zote."

Mimi nilijigeuza nikajifanya nimelala.

Jumatano, saa ya kuona wagonjwa, Shabani alikuja. Alikuwa na baba yake, mzee mwembamba mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, amebeba kikapu cha mayai. Yule kijana mwenye kifua kipana alisimama pale kama mtoto aliyevunja chungu cha watu. Baba yake akasema, "Mwanetu, tumekuja kukupa pole na kuomba radhi. Mwanangu hali chakula tangu siku ile."

Niligeukia ukutani. Sikuitikia hata salamu. Walikaa kidogo, yule mzee akaweka mayai chini taratibu, wakaondoka. Mama akawasindikiza hadi mlangoni, na nilimsikia akiwaambia, "Mpeni muda, bado ana uchungu."

Hawajafika mbali, Mbaruku akaingia na binamu zetu wawili. Kaka yangu alikuwa na nguvu za mwili na upendo usio na breki. Alingoja mama aende kuosha vyombo, kisha akainama.

"Tumepishana nao pale getini. Nimejizuia kwa ajili ya mama. Lakini Ijumaa, baada ya sala, tunakwenda Pongwe. Gari tumeshapata. Tutalivunja goti lake kama alivyolivunja lako. Wewe sema tu twende."

Huo ndio wakati niliokuambia mwanzoni. Neno la ndiyo lilikuwa limeshafika ulimini, na lilikuwa tamu. Kitu cha kwanza kitamu tangu nilazwe. Sijui kwa nini sikulitoa. Pengine ni yale mayai pale chini. Nikasema, "Njoo kesho, nitakuambia."

Walipoondoka, nilidhani Mwalimu Mhina hakusikia. Kisha akajiinua akaegemea mto.

"Saidi, goti lako nani amelivunja?"

"Si unajua? Shabani."

"Na Shabani akivunjwa goti Ijumaa, nani atakuwa amemvunja?"

"Kaka na wenzake."

"Wao wamekuuliza wewe. Sikiliza, mwanangu. Ulipovunjwa goti hukuulizwa. Lingeweza kuvunjwa na gari, au na shimo la barabarani, au likachakaa tu kwa uzee. Halikuwa mikononi mwako tangu siku uliyozaliwa. Lakini hili umeulizwa, na jibu liko kwako. Shabani hawezi kukufanya mtu mwovu, hata akija kukuvunja mguu wa pili. Kazi hiyo unaiweza wewe peke yako, na leo nimeona umeanza kuifanya."

Damu ilinipanda. "Mwalimu, wewe ni mzee, umeshaishi! Mimi amenimalizia maisha."

"Amekumalizia mpira," akasema. Hakupandisha sauti. "Ni msiba, na wala sikuambii usiusikitikie. Lakini maisha ni kitu kingine."

"Ni rahisi kusema mtu akiwa na miguu yake."

Basi hapo, mwanangu, mzee yule aliinua shuka. Bandeji ilikuwa haijabadilishwa bado, na juu yake niliona ngozi imekuwa nyeusi kama mkaa, weusi umepanda kuelekea kwenye goti. Harufu niliyokuwa nikiinusa siku zote nikidhani ni ya wodi, ilikuwa yake.

"Ijumaa asubuhi wananikata hapa," akaonyesha kwa kidole, juu kidogo ya goti. "Nimeambiwa tangu wiki iliyopita. Ningeulizwa, ningechagua miguu yote miwili, mimi si kichaa. Afya ni kitu cha kupendwa. Lakini hawakuniuliza kuhusu mguu. Kilichobaki kwangu ni kuchagua nitakuwa mtu gani nikiwa nakatwa. Nikiwa mwenye haki, nikiwa na ushujaa kidogo, nikiwa na kiasi, nikifikiri vizuri, basi sijapoteza kitu kilicho changu. Hayo ndiyo mema yenyewe waliyoyataka watu wa barazani. Mengine yote huja na kuondoka."

Nilimtazama mtu niliyekuwa nimemchukia kwa kuwa mchangamfu, nikaelewa kwamba uchangamfu ule alikuwa akiujenga upya kila asubuhi.

Nikauliza, "Na yule Shabani? Ana haki gani kwangu?"

"Ni mtu. Kwao hao wazee, dunia yote ni mji mmoja, na sisi wote ni ndugu wa mji huo. Amekosea kwa sababu alichekwa akashindwa kujizuia. Wewe hujawahi kushindwa kujizuia? Yule binti wa dawa anaweza kutujibu."

Alhamisi Mbaruku alikuja. Nikamwambia, "Kaka, msiende."

"Umeogopa?"

"Ndiyo. Naogopa kuamka kila siku nikijua kuna mtu analala kama nilivyolala mimi, na nimemlaza mimi. Goti ni langu. Aliyeumia ni mimi, na ninasema basi."

Aliniangalia kama mtu asiyenijua. "Wamekulisha nini humu?" akasema, akatoka bila kuaga. Kwa hiyo nilikuwa nimeshatamka, lakini sikuwa na njia ya kujua kama atanisikiliza. Nilimgeukia mwalimu kwa wasiwasi. Akaniambia, "Umefanya lililo lako. Miguu ya Mbaruku si yako." Kisha akaongeza polepole, "Lakini mwombee."

Ijumaa asubuhi walikuja na kitanda cha magurudumu kumchukua. Nikaona mikono yake inatetemeka, na midomo imepauka. Akaona kwamba nimeona. "Huu ni mwili, Saidi," akasema, "una mambo yake. Hata hao wazee walisema mtu mwenye hekima uso wake hubadilika rangi radi ikipiga. Wacha utetemeke. Mimi naenda nao tu." Akampa mkono msukuma kitanda, akamuuliza jina.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Nilisikia adhana ya Ijumaa, nikajua sasa watu wanasali, nikajua sasa wametoka, nikajua kama gari limeondoka basi limeondoka. Nilikuwa na watu wawili wa kuwahofia, mmoja yuko kwenye kisu na mwingine yuko Pongwe, na sikuweza hata kushuka kitandani. Nikajaribu alivyonifundisha. Nikajiuliza, katika haya lipi ni langu sasa hivi? Nikaona lililobaki ni moja. Yule binti wa dawa alipopita nilimwita, nikamwomba radhi. Akasema, "Nimeshasahau, kaka Saidi." Hakuwa amesahau, lakini alisimama akanitengenezea mto.

Mwalimu walimrudisha bado amelala kwa dawa, shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Jioni, saa ya kuona wagonjwa, Mbaruku akaingia. Alikuwa peke yake, amebeba kiroba cha nazi, na uso wake sikuweza kuusoma. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akakaa akitazama sakafu.

"Nimekwenda Pongwe," akasema.

Nikajiinua kwa viwiko.

"Peke yangu. Wale wengine niliwaambia wabaki. Nilitaka nimtazame tu usoni, halafu nijue nitafanya nini. Nikamkuta baba yake nje. Aliponiona akasimama, akanishika mikono yote miwili, akadhani nimetumwa na mama kupatana. Akaniita mwanangu. Akawaita wote wa nyumbani waje wanisalimie. Nikaletewa chakula, Saidi. Nikala." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa na chuma ndani ya shati. Nimekitupa njiani nikirudi. Hizi nazi ni zako."

Tukashikana mikono, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu tukiwa watoto. Ndipo sauti dhaifu ikatoka kitanda cha jirani. Mwalimu alikuwa amefumbua macho. Sikujua ameamka saa ngapi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Yule kijana wa Pongwe, yu mzima?"

"Mzima, mwalimu," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," akasema yule Mkristo, akalala tena.

Lakini usidhani nakusimulia habari za jiwe. Kesho yake, alipotaka kujikuna kidole cha mguu usiokuwapo, alilia. Alilia kwa sauti, wagonjwa wote wakanyamaza. Mimi nilitishika, nikafikiri labda yote aliyonifundisha yameanguka. Alipotulia nikamuuliza kwa upole. Akanijibu kwamba kulia si kosa. Kosa lingekuwa kumlaumu Mungu, au daktari, au kumrushia mkewe sahani kwa sababu ya kilio. Alasiri ile mkewe alipokuja, mwalimu alimwambia amependeza.

Shabani alirudi kuniona, na safari hiyo nilimpa mkono. Nilijifunza ufundi wa redio, nikafungua kibanda changu Ngamiani. Na sasa sikiliza hili. Klabu ile ile ya Dar es Salaam iliyonitaka mimi, ikamchukua Shabani. Siku ya mechi yake kubwa redio kibandani ilikuwa wazi, mtangazaji analitaja jina lake kila dakika, na wateja wote wakawa wananiangalia pembeni. Mmoja akanyoosha mkono azime. Nikamwambia, "Wacha, tusikie." Shabani alipookoa bao la mwisho, nilipiga makofi. Mwanzoni ilikuwa mikono tu iliyopiga, nakiri. Kabla ya filimbi ya mwisho na moyo ulikuwa umeingia.

Mwalimu Mhina aliishi miaka kadhaa baadaye, nikawa namtembelea kwake Muheza msimu wa machungwa. Siku niliyomwambia naoa, alinipa jambo la mwisho. Alisema kila niagapo nyumbani nijikumbushe kwamba mke wangu ni amana na anaweza kuchukuliwa. Niliona ni maneno mabaya ya kumpa bwana harusi. Lakini niliyafanya. Ndiyo maana hukuwahi kuniona nikitoka mlangoni nimenuna. Hata tukigombana, nilirudi kizingitini nikamwita bibi yako kwa jina lake, nikaaga vizuri. Mwaka juzi, alipofariki ghafla, nilikuwa sokoni. Nilipoletewa habari nilikaa chini pale pale nikalia mbele za watu. Lakini asubuhi ya siku ile tulikuwa tumeagana, naye alikuwa amecheka. Sikuwa na neno la kutamani kulirudisha.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Siku hizi naona simu inalia mkononi mwako, unasoma neno la mtu usiyemjua, na siku yako yote imekwisha. Mtu huyo hana mkono wa kukufikia, wewe ndiye umemfungulia mlango. Jambo likikupata, usilijibu papo hapo. Lisogeze mbali kidogo, ulitazame, ujiulize kama liko mikononi mwako. Likiwa haliko, huzunika kama mtu, lia ukitaka, lakini usipigane nalo maisha yako yote. Likiwa liko kwako, lifanye vizuri, hata kama hakuna atakayekushukuru. Tafuta riziki, tunza afya, penda watu, hayo ni mazuri na usiyadharau. Ila usiweke humo thamani yako, kwa maana hayo yanaweza kuondolewa kabla ya magharibi. Uadilifu wako hauwezi kuondolewa na mtu. Na aliyekukosea mtazame tena kabla hujamhukumu, naye ni ndugu yako katika mji huu mmoja tunaoupita.

Mungu akupe afya, na siku atakapoichukua asikuachie uchungu wa kuwapa wengine. Akupe watu wa kuwapenda, na siku atakapowachukua akuachie moyo wa kuwapenda waliobaki. Utakapoulizwa jambo lililo mikononi mwako, akutie nguvu ulijibu kama mtu mwema. Amin, mwanangu. Amin.